Mahari ya Tabby na Wadai wa Gerishon

Mdogo wangu Gerishon hawezi kudaiwa na mtu anayejua jina la mama yetu. Mwenye benki atangoja, mwenye hardware atangoja, lakini mama wa mandazi pale Ruiru hajawahi kulala na deni la Gerishon. Watu huiita heshima. Mimi, niliyembeba mgongoni akiwa na kamasi, naiita woga uliovaa suti, na nimemwambia hivyo usoni zaidi ya mara moja.

Ni fundi wa welding, na ni fundi kweli. Karakana yake iko Ruiru, na ukipita zile nyumba mpya za Theta ukaona geti jeusi lililopindwa vyuma vyake kama majani ya mgomba, hilo ni lake. Hajasoma sana. Alianza kwa kushikia fundi mwingine vyuma, akanunua mashine ya kwanza iliyotumika, akaongeza ya pili, akanunua pikapu. Hapo katikati akampata Tabby, wakaanza maisha bila harusi, kama wanavyoanza wengi. Wakapata Njambi, aliyepewa jina la mama yetu, kisha mvulana.

Kilichomwangusha ni ghorofa. Kontrakta mmoja alimpa kazi ya madirisha, milango na vyuma vya ngazi vya jengo zima. Gerishon akakopa benki, akakopa kwenye sacco, akachukua vyuma kwa mkopo, na pesa zilipoisha akaingia kwenye mikopo ya simu, ile inayokutumia pesa kabla hujamaliza kufikiri. Akamaliza kazi. Kontrakta akahama mji na laini ya simu akabadilisha. Mwenye jengo akasema yeye alishalipa na hamjui Gerishon. Deni likafika milioni tatu na zaidi, na asubuhi moja mtu wa mnada akaja karakana, akahesabu mashine moja moja akiziandika, akabandika notisi mlangoni. Ikifika Ijumaa ya wiki iliyofuata bila malipo, lori lingekuja.

Mimi nauza mapazia Thika. Jumatatu ya wiki hiyo ya mwisho, Tabby alinikuta nikipima kitambaa, akaketi juu ya marobota bila kusalimu vizuri, jambo ambalo si tabia yake.

"Wifi, nimepata mtu," akasema. "Nimemwona Facebook. Anasaidia watu wa madeni. Anasema unaenda kotini unajitangaza mufilisi, basi, hakuna mtu anaruhusiwa kukugusa."

"Ni wakili?"

"Anaitwa Kahiga. Ni mtu wetu."

Hapo ndipo nilipofunga kibanda. Maneno hayo mawili, mtu wetu, yameuza mashamba mengi hapa kwetu kuliko ukame.

Ofisi ya Kahiga, tulikokwenda pamoja na Gerishon, ilikuwa ghorofa ya juu, katikati ya Thika. Ilinukia marashi. Ukutani kulikuwa na vyeti vya kila aina, na mezani Biblia kubwa iliyofunguliwa mahali ambapo hapakuwa na alama ya kidole. Alitusalimu kwa Kikuyu, akauliza tunatoka upande gani, akampata mjomba wa mtu anayemjua, akamwita Gerishon ndugu. Niliona mabega ya Gerishon yakishuka kwa mara ya kwanza tangu notisi ibandikwe. Nami, sitadanganya, nilitaka kumwamini. Mtu akikuambia mzigo wako ni mwepesi, mikono yako yenyewe inakubali.

"Hii ni kitu kidogo sana," Kahiga alisema. "Nimefanyia watu wengi. Tunaandika mali yako, tunapeleka, judge anasaini, unaenda nyumbani. Sasa niambie. Uko na nini?"

Gerishon akataja mashine, vitu vya nyumba, shamba hana.

"Gari?"

"Nilikuwa na pikapu. Niliuza."

"Lini?"

"Mwaka huu. Mwanzoni."

"Na chapaa ilienda wapi?"

Gerishon akamtazama Tabby, Tabby akatazama mikono yake. Mimi nilijua ilikokwenda, kwa sababu nilikuwa mmoja wa waliobeba vikapu.

Ilikwenda Mang'u, kwa Mzee Njau, baba yake Tabby. Kwa miaka minane Gerishon na Tabby waliishi bila mahari kutolewa vya kutosha, na kwetu hilo si jambo la kuchekewa. Mwanamke kama huyo akienda kwao kwenye sherehe, huulizwa maswali yenye miiba na shangazi zake. Akifa, watu wake wanaweza kuzuia mazishi mpaka mume alipe. Gerishon alikuwa akisema mwaka ujao, mwaka ujao, mpaka barua ya kwanza ya benki ilipofika. Badala ya kupeleka pesa ya pikapu benki, alikusanya wazee, akanunua mbuzi na soda na mablanketi, tukaenda Mang'u tukakata bega la mbuzi mbele ya watu, alama kwamba ndoa imekamilika, na kumkabidhi Mzee Njau pesa iliyobaki. Nilimuuliza njiani kama amerukwa na akili. Alinijibu hivi: "Wanja, hawa watanichukulia kila kitu. Lakini hakuna mtu atakuja kusema sikumuoa Tabby."

Hata sasa nikikumbuka huwa nakasirika na kujivunia kwa pamoja.

Kahiga aliposikia hadithi hiyo alicheka mpaka kiti kikalia. "Mahari! Hiyo usitaje hata kidogo. Tunaandika school fees. Nani huulizanga?"

Chumba kikawa na hewa tena. Tabby alitabasamu. Gerishon akasema, "Kumbe." Kahiga akataja ada yake, nusu ilipwe siku hiyo, taslimu, na pesa nyingine ya kuwaona watu kule ndani ya mahakama ili faili isikae chini. Hapo marashi yakaanza kunuka.

"Wewe ni wakili?" nikamuuliza.

"Mimi ni consultant, mama. Nafanya kazi na mawakili."

"Wakili gani?"

Alitaja jina haraka, kama mtu anayepita mahali penye mbwa. Nilimwambia Gerishon hatuna pesa hapo, tungerudi. Kwenye ngazi nilitoa simu, nikafungua ukurasa wa chama cha mawakili ambapo mtu yeyote anaweza kumtafuta wakili, nikaandika jina lile. Halikuwapo. Nikaandika la Kahiga mwenyewe, isije ikawa yeye ndiye wakili. Nalo halikuwapo.

"Pengine network," Gerishon akasema.

"Pengine ni mwizi," nikasema.

Hakupenda. Alisema nina mdomo, alisema mtu ametupokea vizuri na mimi nimemhoji kama askari. Tabby naye niliona yuko upande wa Kahiga, na sikumlaumu. Kahiga alikuwa amewaahidi kwamba Mang'u haitaguswa.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe mahakamani Thika, nikapanga foleni kwenye dirisha la masijala. Karani alikataa kabisa kunitajia mtu, akasema si kazi yake kuchagulia watu. Lakini aliniambia kitu ambacho sikukijua: kazi ya kusimamia mambo ya waliofilisika ina leseni yake, na wenye leseni wako kwenye orodha ya Mpokezi Rasmi, ofisi ya serikali inayoshughulika na mambo hayo. "Mama, usiende kwa mtu kwa sababu ni mpole," akaniambia. "Angalia kama yuko kwa list." Nikaitafuta ile orodha kwenye simu. Kulikuwa na mmoja mwenye ofisi mjini hapo hapo, mwanamke aitwaye Kulthum.

Ilinichukua jioni nzima kumshawishi Gerishon. Alikubali kwenda kusikiliza tu.

Ofisi ya Kulthum ilikuwa juu ya duka la dawa za mifugo, chumba kimoja chenye mafaili mpaka dirishani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye hijabu ya kijivu na miwani iliyoning'inia kifuani. Kabla hatujaketi alituonyesha leseni yake ukutani.

"Pigeni picha hiyo namba," akasema. "Kaeni pale nje, hakikisheni ni yangu na ni ya mwaka huu. Nitangoja."

Tulihakikisha. Jina lilikuwapo. Tuliporudi ndani alitupa maji na hakuuliza tunatoka upande gani.

"Jambo la kwanza," akamwambia Gerishon, "mimi si wakili wako. Mahakama ikiniteua, nitasimama katikati, wewe upande huu, wanaokudai upande ule. Ukitaka mtu wa kukutetea wewe peke yako, tafuta wakili. Nitakuonyesha namna ya kuhakikisha ni wakili kweli."

Uso wa Gerishon ulianguka. Wangu pia. "Sasa sisi tunakulipia nini?" nikauliza.

"Mnanilipa ili wale wengine waniamini. Wakiniamini, wanaweza kungoja. Wakiona niko mfukoni mwenu, kesho yake ni lori."

Alieleza polepole, bila kutabasamu. Kujitangaza mufilisi kupo, alisema, lakini si kwenda nyumbani na kusahau. Mali yako inashikwa, jina lako linatangazwa, na kwa miaka kadhaa huwezi kukopa wala kufanya mambo mengi bila kusema wewe ni mufilisi. Kwa mtu mwenye kazi mikononi kuna njia nyingine ya kujaribu kwanza: kukubaliana na wadai wote kwa pamoja, uwalipe kidogo kidogo huku mashine zikiendelea kufanya kazi. Mahakama inaweza kutoa amri ya kuwazuia wasikuguse wakati mazungumzo yakiendelea. Wadai wanaweza kukataa, na wakikataa tunarudi kwenye ufilisi. Ada yake aliiandika kwenye karatasi, na akasema kila shilingi ina risiti.

"Kwa hivyo mtu wa mnada hatakuja Ijumaa?" Tabby akauliza.

"Nikipeleka ombi kabla ya Ijumaa, na ombi likiwa la kweli, kuna nafasi nzuri. Siahidi. Anayekuahidi mahakama itafanya nini, mtoroke." Akavaa miwani. "Sasa. Miaka miwili iliyopita umeuza nini, umempa nani nini?"

Gerishon akakohoa. "Niliuza pikapu."

"Pesa ilikwenda wapi?"

"School fees."

Nilitazama dirisha. Kulthum alisoma bei ya pikapu kwenye karatasi ya mauzo aliyokuja nayo Gerishon, akamtazama. "Una watoto wangapi?"

"Wawili."

"Wanasoma wapi?"

"Shule ya msingi. Ya serikali."

Aliweka kalamu chini. "Hao watoto lazima wamefika chuo kikuu."

Hakuna aliyecheka. Alisema, bila kupandisha sauti, kwamba kile anachoandika Gerishon angekiapa, na kiapo cha uongo mahakamani kinaweza kumpeleka jela, na hata kabla ya jela, mdai mmoja tu akigundua, mapatano yote yanavunjika. Alisema hafungui faili ya mtu mpaka aambiwe pesa ya pikapu iko wapi. "Niko hapa mpaka kesho saa kumi," akasema. "Baada ya hapo siwezi kuandaa karatasi kabla ya Ijumaa."

Gerishon alisimama. Alisema asante, akatoka. Tulisikia viatu vyake vikishuka ngazi, kisha mlango wa chini.

Tabby hakuinuka. Aliufungua na kuufunga mkoba wake mapajani. Halafu akasema, "Ilikuwa mahari yangu."

Akaeleza yote. Kulthum alisikiliza mpaka mwisho bila kuandika.

"Na wewe ulipata ngapi?" akauliza.

"Mimi?"

"Mahari. Kwetu mahari ni ya mwanamke mwenyewe. Ndiyo maana nauliza."

Tabby aliniangalia kana kwamba mimi ndiye mwenye jibu. "Mimi sikupata kitu. Hata leso. Hiyo huwa ni ya baba."

"Sawa. Mimi sijui mila yenu yote. Ninachojua ni nitakachoandika. Mtu alikuwa hawezi kulipa wadai wake, akauza gari, akampa baba mkwe pesa. Jina mliloipa hiyo pesa haliwahusu wadai. Wanaweza kuiacha. Wanaweza pia kuomba irudishwe igawanywe. Siwezi kuificha."

"Ikirudishwa," Tabby akasema, "kwetu maana yake ni moja. Ni kusema ndoa imekwisha. Mahari ikirudi, mwanamke anarudi."

Kulthum alimsukumia kile kikombe cha maji. Hakumwambia itakuwa sawa, na namheshimu kwa hilo, ingawa siku ile nilitaka kumrushia kile kikombe.

Tulimkuta Gerishon chini kando ya barabara, simu sikioni. Alikuwa akizungumza na Kahiga. Kahiga alikuwa tayari kumaliza kila kitu kama nusu ya ada ingefika kabla ya kesho mchana.

"Mimi namchagua huyo," Gerishon akasema alipokata simu na Tabby kumweleza aliyosema Kulthum. "Wanja, usiniambie kitu. Huyu mama anataka kuniachisha bibi kwa karatasi."

"Huyo mwingine anataka kukufunga," nikasema. "Jela utampelekea nani mbuzi?"

"Afadhali jela!" Alipaza sauti mpaka mwenye duka la dawa za mifugo akatoka kutuangalia. "Mashine wachukue! Nitaanza tena na nyundo. Lakini nikirudishiwa mahari mimi ni nani? Ni mtu alishindwa hata kuoa!"

Nilikuwa na majibu mengi, yote makali. Tabby alinitangulia. Alimshika mkono wa shati, kwa upole, kama anayemtoa mtu uzi.

"Baba Njambi, usitume pesa leo. Nipe mpaka kesho."

"Unaenda wapi?"

"Mang'u."

"Siwezi kuenda na wewe. Nitamwambia nini mzee?"

"Sijakwambia uende."

Kweli, hangeweza. Mkwe haendi kwa wakwe mikono mitupu na habari kama hiyo, na Gerishon angeanza kwa kununua sukari ya mkopo. Nilikwenda mimi na Tabby.

Mzee Njau alikuwa zizini. Ile pesa alikuwa amenunulia ng'ombe wa maziwa, mkubwa, mweusi kwa mweupe, na alikuwa amemjengea sakafu ya saruji. Alifurahi kutuona. Alimpiga ng'ombe kofi la mapenzi mgongoni.

"Huyu ndiye pikapu ya Gelishoni," akasema, r na l zikigongana kinywani mwake. "Rakini huyu hanywi petroli. Karibuni chai."

Tabby alikataa chai, na mzee akajua. Kukataa chai kwa baba yako si jambo la mchezo. Tabby alisimama pale pale penye matope na kumwambia yote, kuanzia kontrakta hadi Kulthum. Hakukimbiza maneno. Mimi nilikuwa nyuma yake, na nilikuwa naogopa kwelikweli, kwa sababu Mzee Njau ni mtu wa sauti ndogo, na watu wa sauti ndogo hawarudi nyuma.

"Nani amekufundisha kusema hivi?" akauliza alipomaliza.

"Hakuna, Baba."

"Mahari haitoki kwa boma ikirudi peke yake. Ikitoka, wewe unaingia. Hata wewe unajua."

"Najua, Baba. Ndiyo nimekuja. Sikuja kuomba ruhusa, nimekuja ndio usisikie kwa watu wa mahakama. Wakimuuliza Gerishon, atasema ukweli. Wakiidai, utarudisha. Lakini mimi sirudi."

"Harafu utakuwa nani huko?"

"Nitakuwa vile nimekuwa hii miaka yote."

"Bila kuolewa."

"Bila ng'ombe, Baba."

Mzee aliinama. Alichukua ndoo, akaosha mikono yake taratibu, akaifuta kwenye koti. Alitembea mpaka mlangoni pa nyumba, akageuka.

"Mwambie Gelishoni, wakiidai nitauza ng'ombe. Mimi sitaki deni na mahakama. Rakini siku huyu atatoka hapa, mimi sina mkwe Luilu. Na mtu akiniuliza Tabby ameolewa wapi, nitasema bado."

Akaingia, akafunga mlango. Tabby alilia njia nzima mpaka Thika, kimya, uso ameuelekeza dirishani. Mimi nilimshika goti. Sikumwambia kwamba alikuwa amefanya jambo kubwa, kwa sababu sikujua bado kama Gerishon angelifanya liwe na maana.

Siku ya pili tulikuwa kwa Kulthum saa tatu, mimi na Tabby. Tulikaa. Saa nne ikapita. Kulthum aliendelea na kazi yake, akijibu simu, akifungua mafaili, na kila mlango wa chini ulipolia Tabby alinyanyua kichwa. Nilimpigia Gerishon, simu ikaita bure. Nilikuwa nimeshaamua ningekwenda kwa Kahiga nivunje ile meza yake, Biblia na yote, mlango ulipofunguka.

Gerishon aliingia na nguo za kazi, zenye matundu ya cheche. Tabby alikuwa amemweleza usiku yale ya Mang'u, kila neno, hata neno la mwisho la mzee. Alikaa. Simu yake ikalia, akaigeuza, nikaona jina la Kahiga. Akaizima.

"Pesa ya pikapu," akamwambia Kulthum, "nilipeleka Mang'u kwa baba ya huyu. Mahari. Barua ya benki ilikuwa imeshakuja. Nilijua na nikapeleka."

"Umesema kweli?"

"Nimesema."

Kulthum alivuta karatasi mpya, akaanza. Jina. Kitambulisho. Kazi. Anapoishi. Aliuliza mambo hayo haraka, kama mtu anayeyauliza kila siku, na Gerishon akajibu haraka vilevile. Nikaanza kupumua. Ijumaa ingetukuta na kitu mkononi.

"Hali ya ndoa?"

Gerishon akamtazama Tabby.

Kulthum alingoja, kisha akainua macho. "Umeoa ama hujaoa?"

"Andika ameoa," Tabby akasema.

"Lazima aseme yeye. Ni yeye ataapa."

Gerishon alikunja vidole vyake, vile vidole vilivyojaa makovu ya moto. "Mzee amesema ng'ombe akitoka..."

"Sijauliza ng'ombe," Kulthum akasema.

Nje kulikuwa na mtu akipakua magunia ya chakula cha kuku. Mdogo wangu akakunjua vidole. Alisema neno moja, chini kwa chini, akitazama meza.

"Nimeoa."

Kulthum akaandika.

"Sema tena," Tabby akamwambia.

"Nimesikia," Kulthum akasema, bila kuinua kalamu.

"Mimi sijasikia."